Mwanao Si Mkimbizi, Bi Mwamini

Bi Mwamini, shikamoo.

Najua hutaitikia. Nimeamkia tu, maana ningeanza bila shikamoo ungenirudishia barua hii mezani, kama ulivyokuwa ukinirudishia zile za ofisi nilizoandika mbiombio, na kuniambia, "Kaa chini, Resti, andika kama mtu aliyelelewa."

Nikuambie kabisa mapema, nisikuzungushe mbuyu. Nimemfuta Iddi. Mwanao, kitinda mimba wako, yule uliyenishika mkono ukaniambia "Mtazame huyu," nimelitoa jina lake kwenye orodha ya wanafunzi kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya kamati, baada ya kula yamini kwamba ninamjua na ninamjua mama yake. Sasa hivi yuko Katonga anaanika dagaa za watu, na akiniona nashuka kuelekea mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, anageuza uso ziwani.

Kama umekasirika, kasirika. Ila nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu na mimi nina hasira zangu, na nyingine nimezibeba kwa niaba yako.

Meza yako ninaikalia mimi. Kile kiti chako chenye mguu mfupi wamekitupa, wakaniletea cha kuzunguka, nacho kinazunguka kweli, hasa nikitaka kuandika. Dirisha lile linalotazama mabweni bado halifungi. Watu wa Ujiji bado wanakuja kuniuliza, "Yule mama wa miwani ya uzi yuko wapi?" na mimi kila mara nawajibu kana kwamba ni mara ya kwanza. Wengine hulia palepale kaunta, na mimi huwaacha kidogo, kisha nakwenda uani kuosha uso.

Sasa, Sera. Arobaini yako ilikuwa haijapita vizuri, tukaitwa ukumbini tukaambiwa chuo kimepata Sera ya Utofauti na Ujumuishi. Ni kitabu, Bi Mwamini, kina jalada gumu na picha ya watoto wanaocheka ambao si wa hapa. Ikaundwa kamati. Mwenyekiti ni Dokta Mwaisaka, umri wangu, mtu wa Mbeya, aliyeletwa na mwajiri wetu muhula uleule uliofariki wewe. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. Huyu anakuja kazini kabla ya mfagizi, anasalimia wapishi kwa majina, halafu anaingia ofisini na kuandika mambo yanayonifanya nitamani kupiga meza.

Getini wametundika bango la turubai: "MILANGO YETU IKO WAZI KWA WOTE." Chini ya bango amekaa mlinzi anayewarudisha wote wasio na kitambulisho. Wamejenga mteremko wa viti vya magurudumu, wa saruji, mzuri kabisa, unaoishia kwenye ngazi tatu. Nilipouliza ngazi zile zinasubiri nini, nikaambiwa ziko awamu ya pili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo ungesema, kisha ungemenya karanga yako na kuendelea na kazi.

Usidhani ninapinga jambo lenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba chuo kilichojengwa hapa mwisho wa reli, na kambi za wakimbizi zikiwa mwendo wa basi la asubuhi, hakiwezi kujifanya hakioni. Miaka kumi na moja nimekaa pembeni yako nikikuona ukiwapokea. Alikuja mtoto amebeba bahasha yenye karatasi moja iliyolowa, au hana hata karatasi, vyeti vimeungua na nyumba, na wewe hukumwuliza vyeti. Ulimpa kiti, ukampa kikombe cha maji, ukasubiri anywe amalize. "Kwanza maji, karatasi baadaye." Kisha ukamwomba majina ya watu watatu wanaomjua: mwalimu aliyemfundisha, jirani wa kambini, na mtu mmoja aliyegombana naye.

Huyo wa tatu ndiye niliyekuwa simwelewi. Nilidhani unatania. Mpaka siku ile uliponiambia kwamba rafiki wa mtu atamtetea hata kwa uongo, lakini aliyegombana naye atakueleza ni nani hasa, katoka wapi, mama yake nani, na tabia yake utaongezewa bure. Ulipiga simu kambini, ukangoja laini, ukasikiliza matusi ya mtu usiyemjua, ukaandika. Halafu ulikwenda na karatasi yako kwa Msajili, yule mzee tuliyekuwa naye, naye akatia saini kwa sababu ni wewe uliyeileta. Sijui umeingiza wangapi kwa njia hiyo. Hukupiga picha na hata mmoja.

Basi Sera ikaondoa hayo yote kwa maelezo kwamba hayana uwazi. Badala yake tukapewa fomu ya kurasa nne. Ukurasa wa kwanza unatiki kundi lako: mwenyeji, mtu mwenye ulemavu, mtu wa jamii ya pembezoni, mkimbizi. Ukurasa wa tatu, kama umetiki mkimbizi, kuna mistari sita na maneno haya, nayanukuu maana nimeyachapa mara nyingi mno: "Eleza kwa ufupi mateso uliyopata." Na kamati inasoma mateso hayo na kuyapa alama. Ndiyo, Bi Mwamini. Alama. Mwenye mateso mengi anapata alama nyingi.

Nilisimama kwenye kikao nikasema mtu aliyeteseka kweli mara nyingi hasemi, na akisema hasemi kwa ufupi. Dokta Mwaisaka aliandika maneno yangu kwenye kompyuta yake, akanishukuru kwa mchango, akaenda ajenda inayofuata.

Wakatangaza nafasi kumi na mbili za wakimbizi, pamoja na kitanda bwenini. Na wewe unawajua watu wetu. Tangazo lilibandikwa Jumatatu. Kufikia Jumatano lilikuwa limefika Mwandiga, limefika Ilagala, limefika kwa kila mama mwenye kijana aliyekosa nafasi. Wakaja vijana ninaowajua, mmoja ni wa jirani yetu, baba yake ana shamba la michikichi karibu na letu, ametiki mkimbizi. Nikamtazama. Akacheka akasema, "Dada Resti, si unajua hali, tumejilipua." Kwenye fomu kakimbia vita iliyomkuta hajazaliwa.

Na upande wa pili, wale wakimbizi wenyewe, wa Burundi, ambao wazazi wao waliondoka kambini kimyakimya na kupanga vyumba huku mjini, wao walitiki mwenyeji. Mama mmoja aliniinamia kaunta akaninong'oneza, "Mama, uyu mwana andika Umuha, ndagusavye," yaani nimwandike mtoto wake kuwa Mha, ananisihi. Nikaandika. Anaogopa kurudishwa kambini, na nani angemlaumu? Kwa hiyo ukisoma orodha za kamati yetu, wenyeji ni wakimbizi na wakimbizi ni watoto wa Mwandiga. Dokta Mwaisaka hawezi kuwatofautisha, na sisi wengine tunaoweza tumekaa kimya, kila mtu kwa sababu yake.

Yangu ilikuwa Iddi.

Unakumbuka barua yake ya kwanza ya kujiunga, ile ya ualimu, uliyoisoma mara mbili halafu ukaiweka chini ya mto? Alipoahirisha ili akuuguze, walimwambia nafasi yake ipo. Aliporudi baada ya matanga, wakamwambia nafasi haitunzwi zaidi ya muhula mmoja, aombe upya, na alipoomba upya nafasi za kawaida zilikuwa zimejaa. Nilikwenda kumsemea. Nikamweleza Dokta kwamba huyu kijana amekosa kwa sababu alikuwa anamgeuza mama yake kitandani. Akasikitika kwa dhati, akapekua kile kitabu chake chote akitafuta kundi la kumweka. Hakuna. Aliyeuguza mzazi si kundi.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu Iddi akaja. Alikuwa amevaa shati lake la mazishi. Akasukuma fomu kaunta bila kunitazama, na mimi nikaona tiki iko wapi. Bi Mwamini, niliona. Nilikuwa na muda wa kusema, "Iddi, rudi nyumbani." Badala yake niligonga muhuri ukurasa wa kwanza, sikufungua mwingine, nikaitupia kwenye kasha pamoja na zile nyingine. Nilijiambia ninamtazama mwanao kama ulivyoniagiza. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa yaliyofuata, anza na mimi.

Waombaji wakawa kumi na watatu kwa nafasi kumi na mbili. Wa kumi na tatu alikuwa Odeta.

Odeta ni Mbembe, wa Fizi, ng'ambo ya ziwa kwa Wakongo. Alivushwa kwa boti pamoja na wadogo zake akiwa bado mdogo, na tangu hapo amekulia kambini. Ana miaka ishirini na mitatu, mrefu, mkavu, mwenye kiburi cha mtu aliyezoea kupanga foleni bila kuinama. Ukurasa wake wa tatu aliuacha mtupu. Nilimwita nikamwambia ajaze walau mistari miwili. Akanijibu taratibu, "Mama, ile mambo haiko ya kuandika. Miye nimekuja kusoma." Dokta alipoambiwa, akatikisa kichwa akasema mficha uchi hazai. Kwa hiyo Odeta kwenye mateso akapata sifuri, na kijana wa jirani yangu akapata alama za juu kabisa.

Hapo nikasema labda mtu atashtuka. Hakushtuka mtu. Ila kamati ilisikia minong'ono kwamba kuna wa kujifanya, ikaamua kufanya uhakiki. Na sasa kaa vizuri, maana ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Uhakiki wenyewe ulikuwa mtihani wa Kirundi.

Wakamleta mkalimani mstaafu kutoka Kasulu, Mha mwenzangu, mzee mwenye koti. Waombaji wakaingia mmoja mmoja. Akawaamkia "Amahoro," akawauliza habari za nyumbani, jembe linaitwaje, kinu kinaitwaje, ndizi zinapikwaje. Wewe unajua, Bi Mwamini, mtoto yeyote wa Mwandiga anayemsikia bibi yake akisema Kiha jikoni atayajibu hayo huku anapiga miayo. Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani. Wakajibu wote. Mzee akafurahi, wakafikia hata kutaniana. Iddi naye akajibu, kwa kile Kiha ulichomfundisha wewe, ulichokipata kwa mama yako, na nasikia alijibu vizuri kuliko wote.

Akaingia Odeta. Akaambiwa "Amahoro." Akanyamaza. Akaulizwa jembe. Akasema hajui. Mzee akaandika hapana, hapana, hapana, mpaka chini.

Dokta Mwaisaka alitoka kwenye chumba kile na karatasi mkononi, uso wa mtu aliyevumbua jambo. "Dada Resti," akaniambia, "huyu binti si mkimbizi halisi." Nilitazama ile karatasi, nikamtazama yeye, nikaketi kwenye kiti kile cha kuzunguka nacho kikanigeuza ukutani. Nilipojigeuza nikamweleza kwamba kambini kuna Wakongo tele, kwamba ziwa lina ng'ambo, na ng'ambo ile inaonekana kutoka dirisha la ofisi yake mvua ikishaosha hewa. Akasema jambo hilo ni la kuzingatiwa kwenye mapitio ya Sera.

Odeta alikuwa kwenye benchi la nje amesikia. Aliniuliza, "Mama, wanataka nikuwe Murundi ya namna gani?" Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa kimebakiza siku tisa. Bila barua ya chuo angerudi, na kibali kingine sijui angekipata lini, na wadogo zake wawili walikuwa wakisubiri kuona kama kusoma kunamfikisha mtu popote.

Nikampa maji. Nikamwomba majina matatu.

Mwalimu wake simu yake haikupatikana. Jirani alinipa habari za kawaida. Basi nikampigia yule wa tatu, mama mmoja anayeitwa Mama Furaha, aliyegombana na Odeta bombani. Ungependa sana sauti yake. Nilipolitaja tu jina akalipuka: "Odeta? Ule mwenye kujivuna? Alinimwangia maji na radhi hajaniomba mpaka leo!" Nikamwachia amalize. Nikamwuliza anamjuaje. "Namna gani sitamujua? Baba yake njo alikuwa mwalimu wetu kule Fizi. Walimuua mbele yetu sisi wote, na mutoto ule hakulia. Na kusema pole kwa watu hajui." Halafu akakata. Nililia, Bi Mwamini, halafu nikaandika kama ulivyokuwa ukiandika, jina, mahali, uhusiano, nikaweka saini.

Nilipoipeleka kwa kamati, mmoja alicheka. Dokta hakucheka, ila alisema, "Tunahitaji vithibitisho, Dada Resti, si ugomvi wa bombani." Nikamwambia hivi ndivyo vithibitisho vilivyoingiza wanafunzi hapa kabla ya yeye kuja, na baadhi yao leo ni walimu wa watoto wetu. Nikamwambia pia, kwa hasira, kwamba katika wale kumi na wawili wake hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kambini.

Nilikosea kusema hivyo. Nilikosea vibaya. Kwa sababu mtu huyu anapenda haki kwa moyo wake wote, akasimama akasema kama ni hivyo basi tusibahatishe, tualike maofisa waje wahakiki uraia wa wanafunzi wote, wakimbizi na wenyeji, fomu kwa fomu. Akaanza kuandika barua ile palepale.

Akilini nikamwona yule mama aliyeninong'oneza kaunta. Nikawaona wengine, angalau saba ninaowajua, wanaokaa darasani kila siku wakiitwa wenyeji, mmoja yuko mwaka wa mwisho. Wangeondolewa wote kabla ya mitihani, kwa jina la ujumuishi. Nikaomba nipewe mpaka mchana niiletee kamati ushahidi wa kiapo kwamba mmoja wao si mkimbizi, nafasi moja ipatikane na mambo mengine yaachwe. Dokta akakubali kwa shingo upande.

Sasa nisikilize vizuri. Wale kumi na mmoja ninawajua kwa kuwaona tu. Kijana wa jirani yangu angesema mama yake aliolewa Burundi, na mimi ningeapaje? Mmoja tu ndiye ninayeweza kuweka mkono juu ya Biblia na kueleza alizaliwa hospitali gani, akanyolewa lini, akalia kwa nini siku ya kwanza ya shule. Nilimtembelea akiwa na siku tatu, miaka mingi kabla sijaanza kazi ofisini kwako, nikamletea sabuni.

Hata hivyo nilikuwa bado nasita. Niliketi na kasha la fomu nikitafuta sababu ya kumwacha. Nikafungua fomu yake. Nikafika ukurasa wa tatu.

Mwandiko wake unaufahamu, ule wa kuegemea nyuma. Ameandika: "Mama yangu aliuawa vitani Burundi nikiwa mdogo. Simkumbuki."

Bi Mwamini, nilisoma mara nyingi. Simkumbuki! Iddi, aliyekuwa akikusagia ulezi wa uji kwa sababu wa dukani ulikuwa unakuumiza tumbo. Iddi aliyejifunza kukuchoma sindano ya sukari, akaanza kwa kuchoma chungwa, akaogopa, akarudia. Aliyeuza simu yake bila kukuambia, ukadhani imeibiwa, ukamgombeza siku mbili. Mimi nilikuwepo asubuhi ile nyumbani kwenu Ujiji, nimekuja na kikapu cha samaki, migebuka, nikakukuta umeweka kichwa mapajani mwake na yeye anakupepea kwa kipande cha boksi. Aliendelea kukupepea hata baada ya wewe kuondoka. Shangazi yake ndiye aliyemshika mkono. Na huyo ndiye aliyelazimika kuandika mistari miwili kwamba hakujui, ili apewe kitanda na darasa. Na alama akapewa. Nne kati ya tano.

Nililia kwa hasira, sitakuficha. Niliwakasirikia kamati kwa kuweka mistari ile, nikamkasirikia Iddi kwa kuijaza, na kuliko wote nikajikasirikia mimi, niliyegonga muhuri juu yake.

Nikaingia kwenye kikao nikaapa. Nilisema, huyu ni Iddi mtoto wa Mwamini binti Saidi, karani wa ofisi hii, mliyechangia sanda yake. Dokta Mwaisaka akavua miwani, akauliza kwa sauti ndogo kama Sera imefeli. Nikamjibu kwamba haijafeli, haijawahi kutoka nje ya ukumbi huu ikaonana na watu. Safari hii hakuandika. Akakata jina, na kwa kuwa waombaji wote walikuwa kumi na watatu tu, Odeta, aliyebaki, akaingia, matokeo ya Kirundi yakaachwa.

Ripoti imekwenda kwa wafadhili ikisema wakimbizi kumi na wawili wamejumuishwa. Ni mmoja. Barua kwa maofisa haikumaliziwa. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kugonga muhuri fomu ya uongo, nimeisaini, na ni haki yao. Odeta anasoma ualimu. Hajanishukuru, na sitaki. Juzi alikuja kunilalamikia kwamba maharage ya bwenini yana mawe. Na hapo kweli nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze.

Iddi nilimwambia mwenyewe, sikutaka aambiwe na tangazo. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama angekuwepo usingethubutu." Nikamwambia kweli, nisingethubutu, kwa sababu wewe ungenitangulia kumfuta. Akaondoka, na shati lake lile la mazishi, akashuka kwenda Katonga, na huko ndiko aliko.

Wiki iliyopita nilimfuata. Alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja, jua kali, mikono imejaa magamba. Nilimwambia aombe tena mwakani. Akaendelea kugeuza. Mwisho akasema, bila kunitazama, "Nikiandika ukweli, dada, nitatiki wapi?" Na mimi niliyekaa ofisi ile miaka kumi na moja, ninayeijua fomu ile kwa kichwa, nilijua hakuna kisanduku chake. Niliinamia kichanja nikamsaidia kugeuza mpaka jua lilipopungua makali. Hakunifukuza.

Basi, Bi Mwamini, ninakuaga. Sikuombi radhi, maana ukinisamehe haraka nitadhani lilikuwa jambo dogo. Ninakukosa. Ofisi imejaa watu wanaozungumzia watu, na hakuna hata mmoja anayewapa maji.

Lakini ninakuahidi hili. Fomu zikitoka nitashuka na moja Katonga mimi mwenyewe, na nitakaa naye mpaka aijaze. Hatatiki popote. Ataandika kwamba mama yake ni Mwamini binti Saidi wa Ujiji, kwamba alifia kitandani kwake kichwa kikiwa mapajani mwa mwanawe, na kwamba anamkumbuka. Wakimnyima nafasi kwa hayo, watakuwa wamemnyima mwanao, si mtu mwingine.

Restituta wako